Sabuni ya Thika, Makopo ya Ruiru

Nilianza kazi katika Eneo la Viwanda la Thika mwanzoni mwa miaka ya tisini, nikiwa na shahada ya uzamili katika kemia na moyo uliotikisika. Kijana anayesoma kumbukumbu hizi ataniwia radhi nikianza na huo moyo kabla ya kazi yenyewe, kwa sababu siku ile ya kwanza nilipita langoni na vyote viwili, na mlinzi alikagua mkoba tu.

Idara yetu chuoni ilikuwa imepata nafasi moja ya masomo ya uzamivu ng'ambo. Waombaji waliobaki hadi mwisho walikuwa wawili, mimi na Mwihaki. Tulikuwa tumesoma darasa moja, tumesimamiwa na profesa mmoja, na kwa muda mrefu tulitumia meza moja ya maabara. Nafasi akapewa yeye. Hilo ningelimeza polepole. Lakini majuma machache baadaye alimwendea profesa na kumwambia kwamba haendi. Wenzetu walipomuuliza sababu, alisema hakuona haja. Kufikia hapo wafadhili walikuwa wameifunga nafasi hiyo, na haikunifikia. Nimeyapima maneno hayo, "sikuona haja," mara nyingi kuliko nilivyopima kemikali yoyote. Mtu anaweza kustahimili kunyimwa kitu akapewa mwenzake. Ni vigumu zaidi kumwona mwenzako akikiweka kando kama sahani ya mtu aliyekwisha kushiba kabla ya kuletewa.

Basi nikaenda kiwandani. Aliyenipokea alikuwa Meneja wa Ufundi, Bwana Ramadhani, mzaliwa wa Thika, mtu mnene mwenye sauti ya chini, aliyepika sabuni tangu ujana wake na ambaye wafanyakazi wote walimwita Mzee. Hakunipeleka ofisini. Alinipeleka moja kwa moja kwenye matangi, akachota kwa upawa mafuta ya ng'ombe yaliyoyeyushwa, akaninusisha, kisha akanionyesha ya mawese.

"Bi. Gathoni," akasema, "huko chuoni mafuta mliyajua kwa majina. Hapa utayajua kwa tabia."

"Tabia zake zinatokana na asidi zake, Mzee," nikamjibu, kwa maana nilitaka aone tangu siku hiyo kwamba sikuwa mwanafunzi.

"Sawa. Basi utaniambia asidi, na mimi nitakuambia kama sabuni itapasuka."

Miaka ya mwanzo niliitumia katika sehemu ya sabuni za mche na za kuogea, chini ya Msimamizi wa Udhibiti wa Ubora, mama mkimya aliyekuwa na desturi ya kukata kipande cha sabuni kutoka kila mpiko na kukigusa kwa ncha ya ulimi. Palipowasha, alijua magadi makali, yaani kostiki soda, yamezidi. Mimi nilithibitisha kwa kipimo cha rangi kile alichokwisha kujua kwa ulimi, na yeye alisubiri kipimo changu kabla ya kuruhusu mpiko utoke. Tulielewana vizuri. Nataja haya ili kijana ajue msingi: mafuta yoyote, ya mnyama au ya mmea, ni asidi tatu za mafuta zilizoshikana na glisarini moja. Yapike pamoja na magadi makali, asidi zitaiachia glisarini na kushikana na magadi. Huo mshikamano mpya ndio sabuni. Mkia wa asidi hupenda mafuta na kichwa chake hupenda maji, kwa hiyo uchafu wenye mafuta hukamatwa kwa mkia na kuburutwa na maji kwa kichwa.

Tatizo ni kwamba mkia hauchagui. Ngozi ya juu ya binadamu imejengwa kama ukuta wa mawe yale yanayochimbwa pande za Juja: seli zilizokufa ndizo mawe, na katikati yake kuna mafuta yanayofanya kazi ya saruji. Katika saruji hiyo mna asidi za mafuta zile zile tunazozijua viwandani, steariki na palmitiki miongoni mwao. Sabuni inapoondoa uchafu huondoa na sehemu ya saruji. Maji ya mwilini hupenyeza nje kupitia nyufa, ngozi hukaza, hupauka, na kwenye muundi huonekana mistari myeupe ambayo kila mtoto wa shule hapa kwetu amewahi kuchekwa kwa ajili yake.

Katikati ya miaka hiyo ya tisini, maduka makubwa ya Nairobi yalianza kuuza sabuni za maji za kuogea zilizotoka nje, zikidai kwamba haziikaushi ngozi. Mkurugenzi wetu alileta chupa moja, akaiweka mezani mwa Bwana Ramadhani na kusema anataka yetu. Kampuni ilikuwa na kiwanda cha pili, Ruiru, kilichotengeneza losheni na mafuta ya nywele. Bwana Ramadhani aliamua kila kiwanda kiunde fomula yake, kisha zishindanishwe, na itakayoshinda iingie kwenye tangi kubwa. Akaongeza kwamba baada ya hapo atateua Mkuu wa Uundaji, cheo kipya, msimamizi wa maabara zote mbili.

"Thika ni wewe," akaniambia. "Ruiru wamempata msichana mpya, ana uzamili kama wewe. Anaitwa Mwihaki. Mnajuana?"

Nikasema tunajuana.

Nieleze wazi nilichokitaka, kwa sababu mambo yote yaliyofuata yalitokana nacho. Nilikitaka cheo hicho kama mtu anavyotaka kurudishiwa kitu chake. Nilijiambia kwamba uzamivu alipewa yeye kwa kura ya wazee wachache wa idara, lakini hapa ingeamua ngozi, na ngozi haina upendeleo. Nilikosa usingizi si kwa kuogopa kushindwa na mkemia yeyote, bali kwa kuogopa kushindwa na huyu tena, na kisha kumwona akikitazama cheo hicho na kusema hakuona haja.

Sasa kemia. Sabuni ya maji ya kuogea, kwa kawaida, haioshi kwa sabuni halisi bali kwa viosha vya kutengenezwa, ambavyo vinaweza kufanya kazi katika uchachu mdogo unaokaribiana na ule wa ngozi. Hilo ni jambo kubwa kwa mtu anayetaka kutumia asidi za mafuta. Katika sabuni ya mche, asidi imekwisha kushikana na magadi, nayo ni sabuni, na sabuni huchukua. Katika uchachu mdogo sehemu kubwa ya asidi hubaki asidi, nayo haina hamu ya kuosha. Hujipenyeza miongoni mwa viosha, hupunguza ukali wao, na baadhi yake hubaki kwenye ngozi ikijaza palipobomoka. Kwa lugha ya ujenzi, kiosha kinatoa saruji na asidi inarudisha saruji ya aina ile ile.

Mafuta hufanya kazi kwa njia nyingine. Mafuta ya alizeti, ya makadamia au ya nazi hayawi sehemu ya saruji haraka hivyo. Yanalainisha ngozi juu juu, yakijaza mabonde kati ya seli zinazobanduka. Jeli, ile tunayoiita mafuta ya kujipaka, ndiyo kizuizi hasa: haiingii ndani sana, inafunika, na maji yanakosa pa kutokea. Kila njia ina adhabu yake. Asidi ya steariki ni ngumu, nayo ikiwekwa vibaya huganda na kufanya vipande kama uji uliopoa. Mafuta ya maji huua povu, na mnunuzi wa hapa kwetu asipoona povu hurudisha chupa dukani. Tena mafuta yenye asidi zisizoshiba huchacha, kwa hiyo lazima yalindwe kwa vitamini E. Na adhabu iliyo kubwa kuliko zote ni kwamba chochote unachokitia kwa ajili ya ngozi, maji ya kusuuzia yana hamu ya kukipeleka kwenye mtaro.

Mimi nilichagua njia ya asidi. Niliyeyusha steariki pamoja na lauriki, ambayo ni fupi zaidi na hulisaidia povu, nikaongeza alizeti kidogo, na nikapoza mchanganyiko polepole huku ukikorogwa bila kuingiza hewa, mpaka ukawa mzito na wenye mng'ao wa lulu. Nilitia pia polima inayotokana na utomvu wa mbegu za guari, mmea wa jamii ya kunde, yenye chaji chanya. Ngozi ina chaji hasi. Wakati wa kusuuza, mchanganyiko unapozimuliwa na maji, polima hiyo hujikusanya na viosha na kufanya vifundo laini vinavyonasa mafuta na kuyabandika mwilini kabla hayajaondoka. Nilijivunia sana hatua hiyo, na bado najivunia.

Mwihaki alichagua makadamia. Miti yake ilikuwa imejaa mashambani kuizunguka Thika, na mafuta yake yana asidi moja ambayo imo pia katika mafuta yanayotoka kwenye vinyweleo vya binadamu. Aliyatia kwa wingi, pamoja na glisarini. Alikuja Thika na chupa yake siku moja mchana, amevaa koti la maabara lisilo na doa, akasalimiana na kila mtu kwenye sehemu ya kufungasha, akiwauliza akina mama habari za watoto kwa majina. Mimi nilikuwa nimefanya kazi nao miaka kadhaa na nilijua majina ya watoto wawili tu. Sielewi mpaka leo aliyajulia wapi.

Akainua chupa yangu kwenye mwanga wa dirisha.

"Gathoni, hii umetia steariki. Haitaganda asubuhi ya baridi, kama zile za Julai?"

"Inaganda mtu asipojua kuipoza."

"Haya. Mimi ni mvivu. Nimetia makadamia, inajimwagikia yenyewe."

Akaniachia chupa, akatabasamu, akaenda zake. Nami nikakaa mchana kutwa nikiyachambua maneno "mimi ni mvivu." Kama alimaanisha kwamba yangu ina kazi nyingi isiyo na maana, hilo lilikuwa dharau. Kama alimaanisha kwamba anaweza kunishinda bila kujitahidi, hilo lilikuwa baya zaidi. Na kama hakumaanisha lolote, basi aliishi katika dunia ambayo maneno hayana uzito, na hiyo ndiyo dunia niliyomwonea wivu kuliko zote. Jioni Bwana Ramadhani alipita, akanusa chupa mbili zilizokuwa mezani, akasema ya Ruiru inanukia vizuri. Nikamweleza kwamba harufu si kigezo. Akasema anajua, lakini inanukia vizuri.

Jaribio lilipangwa hivi. Wafanyakazi waliojitolea katika kila kiwanda wangeoga kwa fomula moja, kisha wabadilishane na kuoga kwa nyingine. Chupa hazikuwa na maandishi; ya Thika ilikuwa na kifuniko cheusi, ya Ruiru cheupe, na waliojitolea hawakuambiwa ipi ni ya nani. Upande wa Thika nilisimamia mimi, upande wa Ruiru Mwihaki, kila mmoja kwa utaratibu aliouona unafaa. Wa kwangu ulikuwa safi. Niliwakusanya waliojitolea na kuwaeleza kwamba katika kipindi chote cha jaribio wasijipake chochote baada ya kuoga: jeli, losheni wala mafuta ya nazi. Nilitoa na sababu. Tukitaka kujua sabuni imeiacha ngozi katika hali gani, ngozi lazima ibaki kama sabuni ilivyoiacha. Wote wakaitikia kwa kichwa. Mama Kamau, mfungashaji aliyekuwa msemaji wao, akasema, "Tumeelewa, daktari," na daktari lilikuwa jina walilonipa kwa mzaha, bila kujua linanichoma wapi.

Nilikagua miguu na mikono yao mara kwa mara chini ya taa, nikiwapa alama za kupauka kwa kiwango nilichokitunga mwenyewe. Matokeo yalinitia wasiwasi tangu mwanzo. Kifuniko cheusi, ngozi nzuri. Kifuniko cheupe, ngozi nzuri. Hata wale wachache niliowapa sabuni ya mche ya kawaida ili wawe kipimo cha ulinganisho, nao walikuwa na ngozi nzuri. Niliwaza kuhusu maji ya Thika, unyevu wa hewa na makosa ya taa. Niliwaza hata kwamba polima yangu ilikuwa imeingia kwenye chupa zote kwa bahati mbaya. Niliichunguza kila dhana, na hakuna iliyosimama.

Siku ya kuwasilisha matokeo, Bwana Ramadhani alitaka waliojitolea wa Thika wawepo, na Mwihaki akaja kutoka Ruiru na katoni iliyofungwa kwa kamba. Nikasoma matokeo yangu: hakuna tofauti. Nikamwona Mwihaki akiitazama miundi ya akina mama waliokuwa wameketi mbele, kisha akavuta kiti karibu na Mama Kamau.

"Mama Kamau, miguu inang'aa kweli kweli. Hii yote ni sabuni?"

"Ni sabuni ya daktari."

"Na sabuni peke yake?"

"Ni sabuni," Mama Kamau akasema, akavuta rinda chini kidogo. "Na kamafuta kidogo tu."

Watu wakaanza kuangalia sakafu.

"Kidogo kama nini?" Mwihaki akauliza.

"Ai, sasa wewe. Unataka nitoke kwangu niende kanisa na miguu kama ya mtu amekanyaga unga? Bwana yangu ataulizwa kama ameshindwa kuninunulia mafuta."

"Na Jumatatu?"

"Jumatatu ndio mbaya zaidi, Jumatatu kuna nyinyi."

Pale kicheko kikalipuka. Mmoja akasema yeye alikuwa akijipaka magoti tu. Mwingine akamwambia aache uongo, kwamba walikuwa wakichota kopo moja pamoja chumba cha kubadilishia nguo kabla ya kuja kukaguliwa, maana si heshima kumwonyesha daktari mguu uliopauka. Bwana Ramadhani alicheka mpaka akafuta macho kwa leso.

"Kumbe tulikuwa tunapima jeli," akasema.

Nikauliza kwa nini hawakuniambia. Mama Kamau akanitazama kwa upole ulionikera kuliko kicheko.

"Wewe ulisema tusipake, na ulikuwa umeeleza vizuri. Tungekukataliaje? Mtu haambii mgeni chakula hakijaiva."

Bado naamini kwamba agizo langu lilikuwa sahihi kwa sayansi ya popote duniani. Lakini katika nchi hii mtu haogi kwanza akajipaka baadaye kana kwamba ni mambo mawili. Kuoga bila kujipaka ni kuoga nusu. Hata mama masikini hampeleki mtoto nje bila kumpitishia mafuta usoni, kwa sababu ngozi kavu husema kwamba mtoto huyo hana mwenyewe. Mimi nililijua hilo tangu nilipozaliwa. Nami asubuhi ya mkutano huo nilikuwa nimejipaka.

Mwihaki akafungua kamba ya katoni. Ndani yake mlikuwa na makopo ya jeli, yote ya aina moja, yakiwa na vipande vya plasta vyenye alama. Akaeleza kwamba yeye hakumkataza mtu. Alimpa kila aliyejitolea kopo jipya, akamwambia ajipake kama kawaida yake, asitumie jingine, wala asigawie jirani. Alipima kila kopo kwenye mizani kabla ya kulitoa, akalipima tena walipobadilishana chupa, na akalipima mwishoni.

"Nilifikiri hivi," akamwambia Bwana Ramadhani. "Mtu akitoka bafuni ngozi ikiwa inavuta, anachota jeli mara mbili. Ikiwa haivuti, anachota mara moja. Yeye mwenyewe hajui. Kopo linajua."

Ulikuwa utaratibu mzuri mno, rahisi mno, na niliusikia ukiniingia mwilini kama maji baridi. Niliona papo hapo kila ulichokuwa nacho: haukuhitaji macho ya mkaguzi, haukuhitaji uaminifu wa mtu wala kumwaibisha, na uligeuza desturi iliyouharibu wangu ikawa ndiyo chombo cha kupimia. Nilitaka kutafuta dosari. Niliipata moja, kwamba watoto nyumbani huenda walichota, na kabla sijaisema yeye akaitaja mwenyewe, akaeleza kwamba ndiyo sababu alitaka kila mtu apitie chupa zote mbili akiwa nyumba ile ile.

"Na makopo yanasemaje?" Bwana Ramadhani akauliza.

"Kifuniko cheusi," akasema. "Watu karibu wote walichota kidogo zaidi walipooga na cheusi. Makadamia yangu yanapendeza, Mzee, lakini yanaondoka na maji. Ya Gathoni inabaki."

Alisema hivyo bila kusita, na bila kunitazama ili aone kama nimeshukuru. Wote wakapiga makofi. Mama Kamau akanigonga begani, akasema sasa daktari acheke basi.

Bwana Ramadhani alituita wawili ofisini siku iliyofuata. Fomula ya Thika, akasema, inaingia kwenye tangi kubwa. Kisha akamgeukia Mwihaki na kumpongeza kwa cheo cha Mkuu wa Uundaji.

Nikamwomba ruhusa ya kuuliza. Nikasema kwamba nilielewa mashindano yalikuwa ya fomula.

"Yalikuwa ya fomula, na umeshinda," akanijibu kwa sauti yake ile ya chini. "Bi. Gathoni, wewe umenitengenezea sabuni. Huyu amenionyesha namna ya kuijua sabuni. Wa kwanza nilimhitaji safari hii. Wa pili nitamhitaji kila safari. Ungekuwa mahali pangu ungefanyaje?"

Nikasema ningefanya vivyo hivyo. Ilikuwa kweli, na ukweli huo haukunipoza.

Lililofuata ni gumu kulieleza kwa mtu ambaye hajawahi kuonea wivu mtu mwema. Nilianza kuushuku ushindi wangu. Nilijiuliza kama Mwihaki aliyasoma makopo kwa huruma, kama alinikatia ushindi kama mtu anavyomkatia mwenzake kipande cha keki kwa sababu yeye ameshiba. Alikwisha kuacha uzamivu. Kwa nini asiache na hili? Nilitamani iwe hivyo. Yaani nilitamani fomula yangu iwe mbaya, ili nisiwe na deni lolote kwake. Basi nikaomba makopo mapya, nikarudia jaribio Thika kwa utaratibu wake, na watu wengine, na chupa ambazo vifuniko vyake nilivibadilisha, nikapima kila kopo mwenyewe huku mlango umefungwa. Matokeo yakaja yale yale. Cheusi changu, ambacho safari hii kilikuwa cheupe, kilishinda waziwazi. Nilikaa mbele ya mizani ile nikiwa mkemia aliyethibitishwa kuwa sahihi, na sikumbuki siku nyingine ya kazi niliyokuwa na huzuni kiasi hicho.

Nilimpelekea matokeo Ruiru, kwa kuwa sasa alikuwa mkubwa wangu. Aliyasoma amesimama.

"Hukuniamini," akasema.

"Mkemia hurudia."

"Wewe hukurudia, Gathoni. Ulinipeleleza." Halafu akacheka, akasukuma kiti kuelekea kwangu. "Kaa. Ukimaliza kuninunia, nifundishe kupoza steariki. Nimejaribu mara kadhaa, inanitokea mapande mapande kama mahindi na maharagwe ya githeri."

Nikamfundisha. Huhitaji ujuzi wa ajabu: joto la viosha na joto la asidi zilizoyeyushwa yalingane kabla ya kukutana, mwendo wa upawa uwe wa polepole, na mtu asiwe na haraka katika ule ukungu wa mpito ambapo mchanganyiko huanza kubadilika rangi. Baadaye nilihamishiwa Ruiru, nikafanya naye kazi mpaka alipohamia Nairobi, kisha nikarudishwa Thika kama Msimamizi wa Maabara, cheo nilichostaafu nacho. Tuliunda pamoja vitu vingi, na daima mgawanyo ulikuwa ule ule: mimi nilijua kitakachobaki kwenye ngozi, yeye alijua nani atakijaribu na kwa namna gani. Hakuwahi kunidharau. Ningepata nafuu kama angenidharau.

Sasa nimestaafu, naishi mtaa wa Kahawa Sukari, na afya ni nzuri kiasi. Kwa vijana walio katika kazi hii nina maneno machache. Chunguzeni asidi kabla ya mafuta, kwa sababu mafuta hupendeza mkononi lakini asidi ndiyo inayoujenga ukuta. Msiamini povu. Msiamini pia mtu anayeitikia kwa kichwa. Kuhusu wivu, sina ushauri. Nilisoma mahali kwamba hupungua na umri, na mimi, kwa kadiri ninavyoweza kupima, sijaona upungufu huo. Nimeona tu kwamba mtu anaweza kufanya kazi nzuri nao akiwa ameubeba, kama anavyofanya kazi na mgongo unaouma.

Wanafunzi wa uzamili hunitembelea kutoka chuo kikuu cha Juja mara kwa mara. Huketi sebuleni na kalamu zao, nami huwaeleza habari za steariki na lauriki, na hatimaye mmoja huuliza ni nani aliyeiunda sabuni ile. Hujibu kwamba ni mimi. Hutikisa vichwa kwa heshima. Kisha aliye makini kuliko wenzake huuliza tulijuaje kwamba inafanya kazi kweli. Ningeweza kujibu kwamba tulijaribu, nikaishia hapo, na hakuna ambaye angejua. Lakini jibu hilo lingekuwa si kamili, na mimi sikulelewa kutoa matokeo nusu. Kwa hiyo huwaeleza habari za makopo, na nikataja jina la Mwihaki. Nimegundua kwamba jina langu huwa wamelisikia tu. La Mwihaki huinama wakaliandika.